Mara Nne Dirishani

Tulimwita Injinia, ingawa hakuwahi kujenga daraja wala kuchimba mtaro. Kazi yake ilikuwa kompyuta. Yeye ndiye aliyeandika mfumo wa kuandikisha wagonjwa katika mradi mmoja wa dawa za wazee, uliokuwa na zahanati kuanzia Nyeri mpaka upande wa Murang'a. Lakini kwetu mtu akivaa miwani na akajua kwa nini printa imegoma, huyo ni injinia na mjadala umeisha. Nilifanya kazi chini yake miaka saba. Miaka hiyo yote nilikuwa na neno la kumwambia, na kila asubuhi nililibeba kwenda nalo ofisini, na kila jioni nikarudi nalo nyumbani.

Neno lenyewe ni hili, nisikuzungushe. Mama yake alikuja dirishani kwangu, nilipokuwa bado karani wa zahanati, nikamrudisha bila dawa, akafa. Sikujua kwamba ni mama yake. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na sijapata nafuu.

Injinia alikuwa mrefu, na alitembea ameinama kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi. Alikuwa na sweta moja ya kijani, na siku ukimwona bila sweta hiyo ujue Nyeri kumetoka jua la kweli. Saa nne kamili alifungua kibakuli chake cha plastiki, akatoa vipande viwili vya nduma, akala amesimama dirishani akiutazama Mlima. Ukiwa umejifunika aliyatazama mawingu vilevile. Hakula mezani hata siku moja. Alisema meza ni ya kazi, na tumbo nalo lina heshima yake. Vijana waliokula chipsi juu ya kibodi walidhani ni mzee wa kanisa, lakini kanisani alienda kwa harusi na mazishi tu, akakaa nyuma kabisa.

Alikuwa mchoyo wa sifa. Ukifanya kazi nzuri alikuambia, "Sawa." Ukifanya mbaya alikuambia, "Sawa, kaa chini tuone." Ilinichukua mwaka mzima kuzijua hizo sawa mbili.

Kuhusu saa za kazi alikuwa mkali kuliko askari. Saa kumi na moja jioni alipita meza kwa meza, akagonga kila meza kwa kidole kimoja, na kusema maneno yaleyale: "Nenda nyumbani. Kazi itakupata kesho." Kulikuwa na kijana mmoja, Kevin, aliyetoka chuo kikuu na moto wake wote. Siku moja alikataa kuinuka.

"Injinia, boss amesema hii kitu iishe leo."

"Boss ako na mama?"

"Ako, nafikiri."

"Basi yeye pia aende nyumbani. Mfumo inataka watu wasilale, hiyo imeandikwa vibaya."

Kevin alifunga mashine yake huku akinung'unika. Alikuwa wa kandarasi ya miezi mitatu, kama walivyo vijana wengi siku hizi, na jambo hilo lilimkera Injinia kupita yote. Alisema mtu wa miezi mitatu huandika kitu cha miezi mitatu, halafu wananchi wanaishi nacho miaka kumi, na kikiharibika aliyekiandika yuko kazi nyingine, mji mwingine, hata hajui. Alitaka kila anayeandika mfumo wa umma aajiriwe akae hapohapo na azeeke nao. Wakubwa walimwambia hayo ni mawazo ya zamani. Yeye akasema hata mama ni kitu cha zamani.

Jambo jingine alilolianzisha, na ambalo vijana walilichukia, ni wiki ya dirishani. Kila baada ya miezi mitatu, kila mwandishi wa programu aliacha meza yake ya Nyeri na kwenda kukaa zahanati moja, dirisha la kuandikishia wagonjwa, wiki nzima. Kevin alipelekwa zahanati ya juu ya Kiriaini, huko kwenye majani chai, mwezi wa saba, baridi ikiwa ya kukata masikio. Aliporudi, alichobadilisha kwanza kwenye mfumo ni ukubwa wa herufi.

Na palipoitishwa mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mpango wowote wa kompyuta, iwe Nyeri mjini, iwe Murang'a, Injinia alikuwepo. Alikaa karibu na mlango na kungoja mpaka mgeni wa heshima amalize kueleza vile kila kitu kitakuwa rahisi. Halafu aliinua mkono, na watu wa mbele wakaanza kunong'onezana kwamba haya, ameanza. Swali lake lilikuwa moja, miaka yote.

"Huyu mtu mashine imekataa, anaongea na nani?"

"Mfumo huu ni salama sana, mzee wangu."

"Sijauliza kama ni salama. Nimeuliza jina ya mtu."

Nakumbuka mwenyekiti mmoja alimchoka, akamuuliza mbele ya ukumbi mzima kama yeye ni adui ya maendeleo. Injinia alikuwa ameshaketi. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Hiyo maendeleo, mimi ndiye niliandika." Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Mimi nilikuwa pembeni yake na nilijua hakuwa akitania.

Maana zamani, kabla sijamjua, alikuwa na imani nyingine. Waliomtangulia ofisini walisema alipoanza alikuwa akihubiri kama mwinjilisti. Alikuwa amechoshwa na orodha za karatasi, ambapo dawa za wazee zilipewa wasiokuwepo. Wagonjwa hewa, tuliwaita. Mkubwa wa zahanati aliandika jina la shangazi yake mara tatu, na mwenye haki akarudi mikono mitupu. Injinia alitaka kuwafukuza hao wagonjwa hewa wote. Msemo wake wa siku hizo ulibaki ofisini hata yeye alipoacha kuusema: mashine haina mjomba. Alikuwa na maana kwamba haipendelei mtu.

Sasa nieleze kosa lake, maana ni kosa ambalo mgeni asingelifanya, kwa sababu mgeni angeuliza.

Kwetu jina halipotei. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mwana wa kwanza jina la baba wa baba yake. Siku hizi watu huongeza hata lile la ubatizo, na la tatu ni la mzee wa boma, kwa hiyo bibi na mjukuu wanaweza kuwa na majina yote matatu sawasawa. Tabibu wetu kule zahanati, Wafula, mtu wa Bungoma, alitutania kila siku. "Nyinyi huku mko na majina kumi tu," alisema, "mnaazimana kama viti za harusi." Tena mtu hawezi kumwita binti yake jina la mamake hivihivi, kwa hiyo humwita Maitu, yaani mama yangu. Utamsikia mwanamume mzima akimwambia mtoto wa chekechea, Maitu, maliza uji.

Injinia alipounganisha daftari la wazee na daftari la watoto wa chanjo yawe kitu kimoja, aliweka sharti la kuwanasa wagonjwa hewa. Palipokuwa na watu wawili wa boma moja wenye majina yote matatu sawa, mfumo uliwahesabu kuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, ukamfuta wa zamani na kumwacha aliyeandikwa karibuni. Tarehe ya kuzaliwa hakuijali, kwa sababu wazee wetu wengi hawaijui, na sisi makarani tulikuwa tunawaandikia tu tarehe mosi Januari ili tumalize foleni. Alikuwa na binti wa miaka tisa, aliyeitwa Tabitha Nyambura kwa ajili ya nyanyake. Likizo moja binti huyo alishikwa na kifua akiwa kwa nyanya yake, juu ya Kiriaini, akaletwa kwetu akaandikwa. Asubuhi Injinia alimwita mtoto wake Maitu, akaenda kazini, akaandika kwamba mama na binti ni mtu mmoja.

Nilikuwa karani wa dirisha huko. Mwanamke mmoja mzee, kitambaa cha kahawia kichwani, alikuja kuchukua dawa zake za sukari na presha. Nilimjua kwa sura tu. Watu walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, nyina wa fulani, kama wanavyoitwa akina mama wote. Niliandika jina kutoka kwenye kadi yake, na kompyuta ikaniambia Tabitha Nyambura ana miaka tisa.

"Shosho," nikamwambia, "hapa inasema uko na miaka tisa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka tisa ni mzuri, mami. Sina mzee, sina ng'ombe ya kukama."

Nasi tukacheka naye, mimi na wenzangu. Halafu akaacha kucheka, akauliza, "Sasa dawa yangu?" Duka la dawa halikuweza kutoa kidonge bila alama kwenye mfumo. Nikamwambia arudi Jumatatu, labda itakuwa imejirekebisha. Nilisema hivyo kana kwamba mfumo ni kidonda, kitapona chenyewe. Aliniambia neno moja, nitalisema mahali pake, akafunga kadi yake kwenye leso akaenda. Jumatatu alirudi, mtandao ukawa haupo. Hakurudi tena. Wala mimi sikuuliza.

Mvua ndefu ilipoanza tulitangaziwa kwamba mama wa Injinia wa Nyeri amefariki, ameanguka jikoni upande mmoja ukiwa umekufa, na kila zahanati itume watu wawili wa kuzika. Nilienda kwa sababu ilikuwa karibu na kulikuwa na chakula. Mlangoni nilipewa karatasi ya mpango wa ibada, yenye picha mbele. Niliona kile kitambaa cha kahawia. Nilitoka nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, nikashika mti wa nguzo, na sikumbuki wimbo hata mmoja walioimba. Kwa mbali nilimwona mwanawe kaburini amesimama na ile sweta ya kijani, akimshika mtoto wa kike mkono. Alikuwa akimwambia, "Maitu, usikaribie, kuna matope."

Miezi michache baadaye nikapata barua ya uhamisho kwenda Nyeri, imetiwa sahihi na yeye mwenyewe. Nilifungasha nikiwa nimekufa ganzi. Nilijua naitwa kuhukumiwa.

Siku yangu ya kwanza alikusanya ofisi nzima. Akaweka mezani kabambe ndogo nyeusi, ile simu ya vitufe, nambari zimefutika kwa kubonyezwa. Alisema ilikuwa ya mamake. Alisema alikuwa ameiacha kwenye chaji baada ya mazishi, bila sababu, na siku moja ikalia ujumbe. Akatusomea: "Mpendwa mzazi wa Tabitha Nyambura, mtoto wako amefikisha miaka kumi. Mlete kliniki apate chanjo ya wasichana." Kisha akasema, "Hayo maneno niliandika mimi. Mpaka hiyo mpendwa." Ndivyo alivyogundua. Mfumo wake ulikuwa umemfuta mama yake na kubaki na nambari yake ya simu, ukawa unamtafuta kaburini.

Lile sharti alilifuta siku ileile ya ujumbe. Lakini ile nambari hakuiondoa. Kabambe ilikaa mezani pake miaka yote, kwenye chaji, na mara moja kwa miezi kadhaa ililia. Alisoma ujumbe, akairudisha kifudifudi, akaendelea na kazi. Mimi nilikuwa naisikia kabla haijalia. Kuna siku nilitoka nje kwa kisingizio cha choo, nikarudi nikaikuta imelia kweli.

Na hapa ndipo alipojipinga mwenyewe. Huyu aliyetufukuza ofisini saa kumi na moja, hakuwa na Jumamosi. Alichapisha orodha ya wote waliofutwa na sharti lake, akapanda pikipiki kijiji kwa kijiji akiwatafuta mmoja mmoja. Wake wa watu walimlaumu mkewe kwa kumwachia mume azurure. Wengine aliwakuta wakikata nyasi za ng'ombe, wakamkaribisha chai bila kujua alichojia. Wengine alionyeshwa walipozikwa. Jumatatu aliandika alama kando ya kila jina, akala nduma zake saa nne.

Mimi alinipa meza mpya, karibu na mlango. Aliyekataliwa na mashine, zahanati yoyote ile, alipigiwa nami simu siku hiyohiyo. Nilimuuliza mwenyewe ni nani, nikamuuliza jirani yake, na nikisema huyu yupo, dawa ilitoka hata kama kompyuta imekaza. Hicho ndicho alichokuwa akikiomba kwenye mikutano yote ile: meza na mtu. Wakubwa hawakumpa kwingine kokote. Mimi nilikaa hapo, nikasifiwa kwa uvumilivu, nikapandishwa cheo, na kila sifa ilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Kwa kuwa hakuwahi kuniuliza, niliamini Injinia amemweka mezani mtu asiyemjua.

Alistaafu mwaka jana. Mwezi uliopita binti yake alinipigia akasema baba angependa nipite. Nyumba yao iko Gatitu, nyuma ya maduka, na kibustani cha sukuma wiki. Alikuwa ameketi barazani, amekonda. Msichana mrefu alileta chai, akanisalimia kwa mikono miwili, akajitambulisha: Tabitha Nyambura. Kabambe ilikuwa dirishani, kwenye chaji.

Msichana alipoingia ndani nikasema, "Injinia, niko na neno."

"Najua. Umekaa nayo sana."

Nikamtazama.

"Mfumo inaandika kila mtu ameifungua, jina na saa. Nilisoma siku ile simu ililia. Jina ya mama ilitafutwa mara nne siku moja, zahanati yenu. Mara zote ni wewe."

Ningeweza kunyamaza hapo. Mara nne ni nyingi. Mtu angedhani nilihangaika. Lakini miaka saba ilikuwa imenitosha, nikasema.

"Mara ya kwanza nilikuwa natafuta. Ya pili nilikuwa naonyesha Wafula. Ya tatu ni Muthoni wa maabara. Ya nne niliita mama wa kufagia akuje aone shosho wa miaka tisa. Tulikuwa tunacheka, Injinia. Yeye alikuwa kwa benchi."

Hakushtuka. Alipuliza chai yake ingawa ilikuwa imeshapoa.

"Ni mara nne kwa dakika sita," akasema. "Mimi najua vile mtu anatafuta, na vile mtu anaonyesha wenzake."

"Na bado ukanileta Nyeri?"

"Nilitaka hapo mezani mtu hawezi kucheka tena."

Alisema bila ukali, kama anavyosema sawa. Niliitafuta katika kumbukumbu siku hata moja niliyocheka kwenye meza ile, na sikuiona. Sijui kama nilisamehewa au nilifungwa. Nadhani hata yeye mwenyewe hakujua tofauti.

Kisha akauliza, polepole, na sauti haikuwa ile ya kwenye mikutano. "Kuna kitu haikuandika. Mfumo haiandiki mtu amesimama huko nje. Nimetafuta. Mama alisema nini?"

Nikaelewa kwa nini ameniita. Nikamweleza alivyocheka akashika ukuta, na habari ya mzee na ng'ombe, naye akatabasamu kidogo kwa sababu aliisikia sauti ya mamake. Nikamweleza kwamba aliulizia dawa. 

"Halafu?"

"Nilimwambia nitapigia Nyeri, niulize mwenye aliandika hii kitu. Akanishika mkono. Akasema, 'Wacha, mami. Usisumbue huyo kijana. Ako na kazi mingi.'"

Injinia alivua miwani akaishika mapajani. Hakulia, au kama alilia sikuona, maana niliangalia sukuma wiki. Ndani msichana alikuwa akiosha vyombo. Kisha Injinia aliniuliza ni saa ngapi.

"Kumi na moja na robo."

Akainua kidole kimoja, akagonga meza ndogo iliyokuwa na vikombe vyetu.

"Nenda nyumbani," akasema.

Nilisubiri kidogo amalizie na lile la kazi itakupata kesho, kwa mazoea. Hakumalizia, nami nikachukua mkoba wangu nikaenda.